Siasa za Baba, Matuta ya Mama

Baba yangu hakuwahi kukubaliana na mtu yeyote juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua. Ukimwambia mawingu yamejaa, atakuambia huo ni moshi wa wachoma makaa. Ikinyesha, atasema hiyo si mvua, ni mate. Watu walicheka, na nilipokuwa mdogo nilidhani kuchekwa vile ni kupendwa. Siku hizi vijana wa kamati ya kumbukumbu yake wanakuja nyumbani kwangu wamevaa suti, wanataka niwaeleze habari za mwanasiasa asiyenunulika, mtetezi wa wanyonge wa Kitui na Makueni. Ninawapikia chai, maana sikulelewa vibaya. Hawaulizi habari za mama. Mmoja wao aliwahi kuniuliza, tena kwa adabu, kama mzee alikuwa na mke.

Alikuwa na mke. Siasa yote ya baba ilisimama juu ya mgongo wake, na mimi nina hasira, na uzee haujaipunguza hata kidogo.

Nilizaliwa Kitui ya kusini, upande ule unaotelemka kuelekea mto Athi, kwenye mawe na mchanga mwekundu, mahali ambapo mwanamke anaweza kupanda misimu mitatu akavuna mmoja na akamshukuru Mungu. Baba alienda vitani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alirudi kutoka Burma na koti la jeshi, kofia, na tabia ya kusimama. Katika baraza la chifu watu wote waliketi chini, yeye alisimama. Akiambiwa aketi, alijibu kwamba ameketi vya kutosha ndani ya lori la Mfalme. Akiambiwa avue kofia, alijibu kofia ni ya Mfalme, chifu akamwombe Mfalme mwenyewe. Watu waliyarudia maneno hayo sokoni wiki nzima. Ninachokumbuka mimi ni kwamba baada ya kila baraza la namna hiyo, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa kwenda kulima barabara ya chifu, na alikwenda akiwa na mtoto mgongoni.

Kanisani walikuwa wamemfukuza kabla ya vita. Si kwa pombe wala wanawake, kama wenzake, bali kwa kubishana na mhubiri kama ilikuwa haki Nuhu na wanawe kuachiwa dunia yote baada ya gharika bila kuulizwa wamewafanyia nini majirani. Mhubiri alimwambia atubu. Baba akamwambia ajibu swali. Mama alibaki kanisani, akawa anaketi benchi la nyuma kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Vita vilipokwisha, serikali ikafungua Skimu ya Makueni, ng'ambo ya mto. Nyika ile ilikuwa na mbung'o na vifaru, na watu walikuwa wameikimbia tangu zamani. Sasa ilisemekana vichaka vinafyekwa, mabwawa yanachimbwa, na familia zitakazokubali masharti zitapewa mashamba. Mama ndiye aliyetaka twende. Alikuwa amesikia kwa wanawake wa kanisa kwamba udongo wa huko ukiushika unabaki mkononi. Alimsihi baba mwaka mzima. Baba alisema ni mtego: mtu anayekupa ardhi kwa masharti hajakupa ardhi, amekupa masharti. Hapo alikuwa na haki, sikatai. Tulikwenda tu kwa sababu chifu alitamka hadharani kwamba mkorofi kama yule hawezi kukubaliwa Makueni, na baba akavuka mto kwenda kumthibitishia chifu kwamba ni mwongo. Ndivyo mama alivyopata shamba lake, kwa ubishi.

Nasema shamba lake kwa sababu baba hakulima pale hata mara moja kwa siku nzima. Alikuwa na mikutano. Mama alifyeka, aling'oa visiki, alichoma, alilima. Afisa wa Skimu alikuja akapima mteremko kwa vijiti na kamba, akaonyesha matuta yachimbwe wapi, udongo utupwe upande wa juu, majani yapandwe ukingoni. Wanawake wengi walinung'unika, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja kiuno. Mama hakunung'unika. Alichimba yale matuta kuanzia juu kwenda chini, msimu mzima, mikono ikapasuka, akaipaka mafuta ya mbarika na kuendelea.

Kisha mvua ikanyesha. Huko Kitui mvua ilikuwa kitu cha kupita: inashuka, inachukua udongo, inakimbilia mtoni, na asubuhi unabaki na mawe yaliyooshwa. Asubuhi ile mama aliniita nje. Maji yalikuwa yamesimama. Yalikuwa yamelala nyuma ya kila tuta, mstari kwa mstari, kahawia, hayaendi popote. Mama aliyatazama muda mrefu, kisha akacheka peke yake, na sikuwa nimezoea kumsikia akicheka. Mwaka huo tulivuna mahindi, kunde na mbaazi, na mtama tukagawa.

Baba naye alikuwa ameshaanza vita vingine. Skimu ilikuwa na sheria kwa kila kitu: ng'ombe usizidishe, shamba usiliache, mgeni usimlaze bila kumjulisha hedmeni, mnyapara wa Skimu. Baba alizidisha ng'ombe, akaliacha shamba, akalaza wageni. Alimwambia hedmeni kwamba hata jeshini mtu aliruhusiwa kupata likizo. Watu walianza kuja kwetu jioni kumsikiliza, na mama akawapikia, kwa nafaka ya matuta yake. Aliyekuja zaidi ni jirani yetu wa upande wa juu, mtu mnene mwenye kicheko cha kupiga magoti yake kwa viganja. Shamba lake lilikuwa baya, limejaa kokoto, na kila akija alipita katikati ya mbaazi zetu akizishika kwa mkono. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulidhani anazisifia.

Sasa lazima nieleze mwethya, maana vijana wa kamati wanadhani ni jina la chama. Mtu akizidiwa na kazi, iwe kulima au kujenga au kuchimba kisima, anawaita majirani. Wanakuja na majembe yao na nyimbo zao. Aliyewaita hupika kabla hawajafika: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kunde, uji, na kwa wasio wa kanisa, pombe. Yeye mwenyewe hali mpaka wageni wake wale. Ukiita mwethya bila chakula umewatukana watu, na hawatakuja tena, kwako wala kwa watoto wako. Hilo halikuandikwa mahali popote kwa sababu hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

Serikali ikalisikia neno hilo, ikalipenda. Afisa wa Skimu akatangaza kwamba asubuhi mbili kila wiki zitakuwa za mwethya: watu wote, wanaume kwa wanawake, wachimbe mahali atakapoonyesha, na asiyefika atashtakiwa. Alilitamka kwa furaha, kama mgeni aliyejifunza salamu ya wenyeji. Kuchukua jina la hiari na kulivisha kazi ya lazima! Likinijia hilo nikiwa jikoni, mpaka leo huwa naweka mwiko chini nikaketi kwanza.

Kwa hiyo naelewa alichofanya baba. Naelewa, na bado nina hasira.

Tulikuwa kwenye mteremko karibu na bwawa, watu wengi, jua bado halijapanda. Baba alifika amechelewa, jembe begani, kofia kichwani. Hakuanza kuchimba. Alimwuliza hedmeni kwa sauti ya kawaida, "Hii mwethya ni ya nani?"

"Ni ya serikali."

"Sawa. Serikali imepika nini?"

Watu wakacheka chini chini. Hedmeni akamwambia aache mchezo, Bwana Afisa yuko njiani.

"Mimi sichezi," baba akasema. "Nimeitwa mwethya, nimekuja. Jembe ndio hii. Lakini sioni moto, sioni sufuria, sioni hata bibi ya huyu mzungu akishika mwiko. Pengine chakula iko njiani pamoja na yeye. Sisi si watu wabaya. Tutangoja."

Akaketi. Mtu ambaye hakuwahi kuketi mbele ya chifu yeyote, siku hiyo aliketi, akaweka jembe mapajani. Jirani yetu mnene akaketi kando yake, akapiga magoti yake na kucheka mpaka machozi. Kisha mwingine, kisha wanawake, kisha mteremko mzima. Mama peke yake hakuketi. Alibaki amesimama na jembe lake, hajui kama aketi na mumewe au achimbe na serikali, na nilimwona anatazama upande wa shamba letu.

Afisa alifika na lori lake. "Kwa nini hapana chimba?" akauliza. Hedmeni hakuthubutu kumweleza, kwa hiyo baba akamweleza, kwa upole kabisa, kama unavyomweleza mtoto wa mtu mwingine. Afisa akacheka. Alidhani ni utani, na pengine kama angeondoka wakati ule akicheka, yangeisha hivyo. Lakini alikasirika walipokataa kuinuka, akasema atakaa pale pale mpaka wachimbe, akaingia kwenye lori. Saa za mchana zilipofika akafungua mkebe, akatoa mkate na mayai, akala. Akala mbele yetu sote, taratibu, akitazama mbele.

Hapo kicheko kilikwisha. Mwenye mwethya alikuwa anakula mbele ya wageni wake. Hakujua anachokifanya, na kutojua kwake ndiko kulikotuudhi zaidi, kwa sababu alikuwa amechukua neno letu bila kuuliza lina nini ndani. Mama mmoja mzee, ambaye hata siasa ya baba hakuipenda, aliinuka, akakung'uta vumbi nguoni, akaenda zake. Wengine wakamfuata. Mteremko ukabaki na lori, hedmeni, na mzungu na yai lake.

Habari zile zilifika Machakos na Kitui kabla ya jua kutua, na hapo ndipo jina la baba lilipozaliwa. Vijana wa kamati wanaijua hadithi hii mpaka hapa. Wanaipenda. Huwa wanafunga daftari zao hapa.

Asubuhi iliyofuata askari walimchukua baba, na hedmeni akasimama mlangoni petu akasema familia iondoke siku hiyo hiyo. Tuchukue mbuzi na tunachoweza kubeba. Mbaazi zilikuwa zimebeba, zimeinamisha matawi, zilikuwa zimebakiza siku chache tu. Mama alimwomba hedmeni, si shamba, bali siku chache. Hedmeni alisema mazao ni ya shamba na shamba ni la serikali. Mama akaanza kufunga vyungu kwenye kamba.

Hakuna aliyekuja kutusaidia kubeba. Ilikuwa siku ya pili ya mwethya ya serikali wiki ile, na wale wale walioketi na majembe mapajani walikuwa mteremkoni tangu alfajiri, wanachimba, tena kwa bidii. Tulipita njia ya chini yao tukiwa na mizigo kichwani na mbuzi mbele. Waliinamia kazi. Siwalaumu kwa kuogopa. Hata mimi niliogopa. Nawalaumu kwa zile jioni zote walizokula kwetu. Haukupita muda tukasikia shamba la mama amepewa jirani yule mnene, kwa sababu lake lilikuwa na kokoto na alikuwa ameonyesha kujirudi.

Tukarudi Kitui. Ndugu za baba walitupa kipande cha mwisho wa ardhi ya ukoo, pale hata mbuzi walipita bila kusimama. Baba alipelekwa kaskazini, kwenye joto, akae huko bila ruhusa ya kurudi, na mambo ya hali ya hatari yalipoanza hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Miaka ile mama alilima mawe. Alijaribu kuchimba matuta pale pia. Hapakuwa na udongo wa kuyajenga. Alichimba tuta moja na mvua ya kwanza ikalichukua. Alichota maji kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, alisuka vyondo, na Jumapili aliketi benchi la nyuma. Jioni aliwahi kuniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba sasa hivi huko mbaazi zinapepetwa.

Baba aliporudi alikuwa amekonda na amekuwa mtu mkubwa. Watu walitoka Mwingi, walitoka Machakos, kuja kumwona mtu aliyemuuliza mzungu amepika nini. Walimwomba arudie hadithi. Aliirudia vizuri, kila mara yai likawa kubwa zaidi. Waliketi kwenye kivuli cha nyumba, na mama aliwapa uji mwepesi kwa sababu mwingine haukuwepo.

Ndipo afisa akaja. Hakuwa yule wa yai. Huyu alikuwa mpya, kijana, anayejua Kikamba kidogo. Alikuja kutoka Makueni na karani, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda alichopewa. Alisema huko Skimu watu wameanza kuacha matuta yabomoke, na wakiulizwa wanamtaja baba. Alisema hataki kumlazimisha mtu. Anaomba tu baba aje kwenye baraza pale sokoni Wote, aseme kwa mdomo wake kwamba matuta yenyewe ni kitu kizuri, na kwamba ubaya ulikuwa kwenye kulazimishwa. Akifanya hivyo, shamba lile la mama litarudishwa kwa mama. Yule aliyelishika atapewa jingine.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu. Katika maisha yake hakuwahi kuingilia mazungumzo ya wanaume mbele ya wageni. Siku hiyo aliweka kibuyu chini, akaja mpaka katikati.

"Baba ya watoto," akasema, "si ni kweli?"

"Ni kweli," baba akasema.

"Wewe mwenyewe uliona ile maji imesimama."

"Niliona."

"Basi sema tu. Ni maneno kidogo. Hata si uongo."

Baba alimgeukia afisa, si mama. Alimwambia, "Mwambie aliyekutuma kwamba mdomo yangu haikodishwi. Hata kusema ukweli, siwezi kusemeshwa." Afisa alimtazama mama, akavaa kofia yake. Alikuwa na haya kuliko baba. Walipoondoka, mama aliokota kibuyu chake akaenda mtoni.

Maneno hayo ya mdomo usiokodishwa yalisifiwa sana. Watu waliyasema mpaka Nairobi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wote waliokuwa wakiyasema walikuwa na mahali pa kulima.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka. Mikutano ikaanza kuruhusiwa, wakatokea vijana wa siasa wenye viatu vinavyong'aa na tai, wakitaka mtu wa kuingia baraza la wilaya upande wa Makueni. Walimtaka baba. Waliosema mtu wa Kitui hana haki ya kusimama huko waliambiwa kwamba huyu alifukuzwa Makueni kwa ajili yao. Ahadi zao zilikuwa nyepesi kukumbuka. Matuta ya mkoloni yatavunjwa, na kila aliyenyang'anywa shamba Skimu atarudishiwa. Mama alilisikia hilo la pili. Alifua leso yake nzuri, akaniambia tunakwenda.

Tulivuka Athi mahali penye maji ya magoti, tukatembea hadi Wote. Wote wa wakati huo ulikuwa maduka machache ya mabati na uwanja wa vumbi, na uwanja ulikuwa umejaa. Sisi tulikaa upande wa wanawake. Vijana wa siasa walizungumza kwanza. Walisema kesho kila mtu achukue jembe, na kile kilichochimbwa kwa lazima kifukiwe kwa hiari. Watu walipiga kelele za shangwe mpaka mbwa wa madukani wakakimbia. Nilimwona jirani yetu mnene mbele kabisa, anapiga magoti yake, ingawa alikuwa akila matuta ya mama kwa miaka.

Kisha baba akapanda juu ya meza. Alisubiri nyimbo ziishe. Mama alikuwa ameshika mkono wangu.

"Mimi nimekaa kaskazini kwa sababu ya matuta," baba akaanza, na watu wakanguruma. "Kwa hivyo nisikilizeni mimi, si hawa vijana ambao jembe wanaona kwa picha. Tuta ni kitu nzuri. Mtu anayevunja tuta ni mjinga, na anayemwambia avunje ni mwizi wa mvua. Ubaya ilikuwa kulazimishwa. Bibi yangu alichimba matuta hapa Skimu, maji ikasimama, tukakula. Mimi niliona kwa macho yangu. Mkivunja hiyo kazi kwa hasira ya mzungu, mzungu ataenda kwao na nyinyi mtabaki na mawe."

Sauti ya jirani yetu ikatoka mbele, wazi kabisa: "Amenunuliwa huyu." Wengine wakaipokea. Walimwambia ashuke, wakamrushia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na vijana wenye tai wakawa wa kwanza kumshika mguu kumtelemsha mezani. Walipata mtu mwingine kabla hata vumbi halijatulia. Katika uchaguzi, baba alipata kura za watu ambao hata hawakutosha kuchimba kaburi.

Tukarudi kwa miguu, sisi watatu, baba mbele na kinyesi begani mwa koti la jeshi. Alikuwa na furaha. Alitembea kama mtu aliyetoka arusini. Tulipofika karibu na mto mama akasema, "Yale maneno ni yale yale."

"Yapi?"

"Uliyoombwa na yule kijana ya mzungu. Yote. Hata mpangilio ni ile ile."

"Ndiyo," baba akasema.

"Ungeyasema mwaka jana ningekuwa navuna."

Baba alivua viatu vyake ili avuke. "Mwaka jana yalikuwa yao," akasema. "Leo ni yangu." Na akaingia majini.

Nimeyafikiria maneno hayo maisha yangu yote. Wanaume wengi wenye akili wameniambia ni maneno makubwa, na labda wako sahihi. Lakini kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuhesabiwa upande wowote. Yalikuwa yao, yalikuwa yake. Ya mama yalikuwa wapi? Tuta ni lake, mgongo ni wake, hata ule ushahidi wa maji yaliyosimama aliuona yeye kwanza, akatuita. Baba aliutoa bure mbele ya umati uliomrushia mavi, akakataa kuutoa siku ambayo ungemlisha mke wake. Alijali sana kwamba mdomo wake uwe huru. Sisi wengine tuliishi kwenye tumbo.

Baadaye alisimama tena, akashinda, akagombana na waliomsimamisha, akatoka, akarudi, akatolewa. Alikufa akiwa na haki katika karibu kila jambo, na mazishi yake yalikuwa na magari mengi.

Ule mwaka wa mkutano wa Wote, mvua za vuli zilikosekana. Kitui tulikula mpaka mbegu. Wanawake wa upande wetu walianza kuvuka mto kwenda Skimu kutafuta kibarua cha kulima ili walipwe nafaka, kwa sababu huko bado kulikuwa na akiba. Mama alichukua jembe, nami nikachukua langu. Tulipita maboma mengi yaliyokuwa na kazi. Mama hakusimama. Nilitambua njia kabla hajakata kona.

Jirani yetu hakuwepo, alikuwa amekwenda Machakos kwa mambo ya baraza la wilaya, maana kiti kilikuwa chake sasa. Tulimkuta mke wake mdogo, msichana aliyeolewa baada ya sisi kuondoka, mwenye mimba, mwenye sura njema. Hakutujua. Mama aliomba kazi, akiwa amesimama kando ya mlango ambao zamani ulikuwa wake. Msichana alisema ndiyo, kuna palizi, atatupimia mbaazi jioni, na akatupa uji kwanza. Sikuweza kuunywa. Mama aliunywa wote, akamshukuru.

Matuta yalikuwa pale pale, kuanzia juu kwenda chini. Hakuna aliyeyavunja, walioimba kwenye mkutano ule walikuwa na akili ya kutosha kuimba tu. Majani ya ukingoni yalikuwa yameshikana. Msichana alitutembeza hadi tuta la juu, akiwa ameshika kiuno kwa uzito wa mimba, akatuonyesha pa kuanzia.

"Mama, nawaomba mlime pole pole hapo ukingoni," akasema. "Msije mkabomoa. Mzee wangu aliteseka sana kuchimba hizi."

Niligeuka kumtazama mama, nikingoja. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni, na kama angenipa ishara ndogo tu ningeyasema yote mpaka sauti ikauke.

"Sawa, mwanangu," mama akasema. Akainama, akaanza kulima.